AC niliyofungiwa Ilazo: ubaridi poa, shida ilikuwa maji na nyaya

Nilinunua AC ya ukutani ya BTU 12,000 kwenye duka moja hapa Dodoma mjini. Ofa yao ni ile tunayoijua wote: ukinunua unafungiwa bure, na mita tatu za bomba la shaba unapewa juu yake. Nimeshaitumia kiangazi na masika, kwa hiyo sasa naweza kuizungumzia.

Kwa ubaridi nawapa tano kwa tano. Chumba changu kinapigwa na jua la magharibi kuanzia saa nane mchana, lakini ukiiwasha, baada ya muda mfupi unatafuta shuka. Kwa bomba la maji na nyaya za umeme nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu walikuja siku waliyoahidi.

Nianze na maji, maana hapo ndipo hali ya hewa ya Dodoma inapomchezea mtu. AC haitengenezi maji yenyewe. Unyevu ulio kwenye hewa ukigusa koili baridi, yaani vibomba vya kupozea vya mashine ya ndani, unageuka matone, yanaangukia kwenye trei, kisha yanatoka nje kwa mpira. Dar ukifunga AC leo, leo hiyohiyo unaona matone nje, na kama mpira umekaa vibaya unajua kabla fundi hajafungasha vifaa. Huku kwetu mwezi wa kumi hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. AC inapiga mchana kutwa na mpira hautoi kitu. Nilimuuliza kijana aliyefunga mbona sioni maji, akanijibu, "Dada, hiyo ndiyo mashine nzuri, haivuji." Akakusanya drili yake akaondoka.

Mvua zikaja. Kufikia Januari, chini ya AC palikuwa na mchirizi wa kahawia hadi kwenye soketi ya televisheni, na rangi ya ukuta imevimba. Duka nililipigia, wakasema ofa ya kufunga haina waranti, waranti ni ya mashine. Basi nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma ambaye jirani yangu alimsifia.

Huyu mzee hata testa hakuitoa kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, niletee maji kwenye chupa." Akafungua kava ya mashine ya ndani, akamimina kama nusu lita kwenye trei taratibu, akashuka kwenye ngazi na kwenda kusimama nje. Hakikutoka kitu. Aliporudi ndani, maji yalikuwa yanateleza ukutani. Tundu la ukuta lilikuwa limetobolewa likiinamia ndani badala ya nje, na mpira ulipanda juu ya bomba la shaba kabla ya kutoka, ukaweka nundu. Maji hayapandi mlima. Juu ya hayo, nyigu walikuwa wameshaujengea mdomo wa mpira kiota cha udongo kiangazi chote, kwa kuwa hapakuwa na tone la kuwasumbua.

Alitoboa tundu upya, upande wa nje ukiwa chini kuliko wa ndani. Akaweka bomba gumu la plastiki la robo tatu inchi badala ya ule mpira laini, likiwa na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na mdomoni akafunga kipande cha wavu wa dirisha. Mdomo wenyewe unaning'inia hewani juu ya ndoo, haujazama, kwa sababu ukizama hewa inashindwa kupita na maji yanasita. Alipomimina chupa ya pili, maji yalitoka nje kabla hajashuka kwenye ngazi. Nyakati za mvua ndoo ndogo inakaribia kujaa kufikia asubuhi. Kwa mji wenye maji ya mgao hiyo si haba, napigia deki na kumwagilia mpapai. Kunywa usinywe, yanapita kwenye vumbi la koili.

Mashine ya nje nayo ilikuwa na mambo yake. Wengi hudhani maji yote yanatoka huko, lakini kwa AC ya kupoza tu, ile ya nje hudondosha kidogo, hasa kwenye valvu na lile bomba nene likitoka jasho. Zile zinazoweza pia kupasha chumba joto ndizo humwaga maji huko nje, zikiwa zimewekwa kupasha joto. Tatizo la kwangu lilikuwa maji ya mvua. Vijana waliitua juu ya matofali mawili, na mvua kubwa ya hapa ikipiga ardhi kavu inarusha tope jekundu mpaka kwenye mapezi ya koili. Mzee aliimwagia msingi wa zege wa sentimita 15, kokoto kuzunguka, na mfereji mdogo wa kutoa maji upande wa uzio.

Umeme ndio ulionitisha zaidi. AC ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, ileile inayobeba friji na pasi kwa kupitia ekstensheni. Mzee alichomoa plagi akaipeleka mkono wa pili haraka kwa moto wake. Tundu moja la soketi lilikuwa limeshageuka rangi ya chai. Alivuta laini ya peke yake kutoka meni swichi: waya wa milimita za mraba 2.5 wa kori tatu ndani ya konduiti, yaani bomba la kupitishia waya, breka ya ampea 20, na swichi ya AC yenye taa pembeni ya kitanda. Nje aliweka swichi nyingine ya kuzimia, aina isiyoingiza maji, ili fundi wa kusafisha azime hapohapo bila kuingia ndani.

Nilipenda jinsi alivyouingiza waya kwenye mashine ya nje. Hakuunyoosha moja kwa moja. Aliushusha kwanza chini ya tundu, akaukunja, ndipo ukapanda kuingia, ili maji ya mvua yanayofuata waya yadondoke kwenye lile pindo yasifike kwenye viunganishi. Ule wa zamani ulikuwa waya mweupe wa ndani, umeachwa juani wazi, na ganda lake lilianza kupasuka kabla hata ya mwaka.

Kuhusu ethi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, tulibishana kidogo. Ardhi kavu hupitisha umeme vibaya, na huku inakauka miezi mingi. Ethi rodi ya nyumba, ile nondo ya ethi iliyopigiliwa ardhini, aliipima akaona haitoshi, akaongeza nyingine na kuiunganisha na ile ya kwanza. Alitaka pia bomba la maji ya AC limwagike hapo ili udongo ubaki na unyevu. Wazo zuri, ila AC hutoa maji mengi masika, wakati udongo umeshalowa, na kiangazi inapohitajika haitoi kitu. Nimebaki na ndoo yangu, na kiangazi nitamwaga pale maji ya kusuuzia nguo.

Tuliongeza na AC gadi, kifaa cha kuilinda AC na umeme usiotulia, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa inahitaji kupumzika dakika chache kabla ya kuwaka tena. Vifaa na ufundi vilinifikisha laki mbili na kidogo, ukiacha kupaka rangi ukuta. LUKU ni habari nyingine: ikipiga mfululizo hesabu karibu uniti moja kwa saa.

Mzee ana leseni ya EWURA na alinionyesha bila kuombwa, jambo ambalo vijana wa ofa sikuliona kwao. Kasoro yake ni kwamba hapokei simu baada ya saa kumi na mbili, na Jumapili usimtafute kabisa.

Chumba cha mama nacho kinahitaji AC kabla ya joto la mwezi wa kumi. Safari hii mzee anatoboa ukuta, anavuta laini na kumimina chupa yake kwenye bomba kwanza. Mashine nitaifuata dukani baadaye, na hiyo ofa ya kufungiwa nitawaomba wanipunguzie kwenye bei.