Spitfire ya plastiki: boksi lipi ununue kwanza

Anayeingia kwenye modeli za ndege hachelewi kuitafuta Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Airfix walitoa yao ya kwanza mwaka 1953, na tangu hapo kampuni nyingi kubwa zimechonga kalibu zao (umbo la chuma linalomiminiwa plastiki), nyingine mara tatu au nne. Madukani zimejaa, picha za boksi zote zinapendeza, na bei zinatofautiana mno.

Mpangilio wa hapa chini umefuata kigezo kimoja kabla ya vingine vyote: vipande vinashikamana vipi. Ndege ambayo kiwiliwili na mabawa yake yanakutana bila pengo utaimaliza. Ile inayodai puti ya kuziba kwenye kila mshono hurudi kwenye boksi ikiwa na bawa moja, ikapandishwa juu ya kabati, na huko ndiko zinakorundikana nyingine. Bei na idadi ya vipande vinakuja baadaye.

Kwanza skeli

Spitfire halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kwenye skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi, hiyo ni sentimita 15.6, kwenye 1/48 ni 23.4, kwenye 1/32 ni 35.1. Ya 1/72 inakaa kiganjani na rafu moja inabeba nyingi, lakini vitu vya ndani ya chumba cha rubani ni vidogo kama punje za mtama. Ya 1/48 ina nafasi ya kutosha kupaka saa za dashibodi kwa brashi namba 00 bila kutumia miwani ya kukuza, na bado haijala meza nzima. Kwa mtu mzima anayeanza, 1/48 ndiyo skeli sahihi.

Angalia pia aina, inayoandikwa Mk (Mark, yaani toleo) na namba. Mk I ni ile ya mwaka 1940: rafadha yenye mapanga matatu, na chini ya mabawa kuna rejeta moja kubwa upande wa kulia na kipoza mafuta chembamba upande wa kushoto. Mk IX ina mapanga manne na rejeta mbili zinazofanana. Hili linagusa mfuko wako moja kwa moja, kwa sababu rangi ni tofauti. Mk I ya majira ya joto ya 1940 inataka kahawia, kijani, na tumbo la rangi iitwayo Sky. Tangu Agosti 1941 ndege za kivita za mchana za Uingereza zilibadilishwa kuwa kijani na kijivu juu, kijivu hafifu chini. Ukinunua rangi kabla ya kuchagua boksi, huenda ukanunua mara mbili.

1. Tamiya 1/48 Spitfire Mk I (namba 61119)

Hii ndiyo ya kununua ikiwa unanunua moja tu. Hakikisha namba, kwa sababu Tamiya wana Mk I nyingine ya 1/48 ya miaka ya 1990 ambayo bado inazunguka madukani kwa bei ya chini. Ya 61119 ilitoka 2018 kwa kalibu mpya kabisa.

Mahali pa kuitazama kwa makini ni maungio ya bawa na kiwiliwili. Spitfire ina mkunjo mwororo pale bawa linapopanda kwenye ubavu, na hapo ndipo modeli nyingi zinapoachia pengo la unene wa kadi. Kwenye hii, bawa la juu linakaa kwenye mkunjo huo kana kwamba limemiminiwa hapo. Ukingo wa nyuma wa mabawa ni mwembamba inavyotakiwa, na mistari ya mabati imechongwa nyembamba kiasi cha kutopotea chini ya rangi wala kuonekana kama mifereji.

Kosa ambalo watu hulifanya hapa ni kupaka rangi vipande vya ndani pamoja na sehemu za kuungia. Vipande vya Tamiya vimebana sana, na tabaka mbili za rangi kwenye pini zinatosha kukizuia chumba cha rubani kukaa, kiwiliwili kikafunguka kwa juu. Kwangua rangi kwa ncha ya kisu kwenye kila pini na kila tundu kabla ya gundi.

2. Airfix 1/72 Spitfire Mk I, seti ya kuanzia

Kwa mtoto, au kwa anayetaka kujaribu kama jambo hili linamfaa, chukua ile inayouzwa ikiwa na rangi chache, brashi na gundi ndani ya boksi. Kalibu yake ni ya mwaka 2010, vipande ni vichache, na jioni mbili tatu zinatosha.

Mapungufu yake yanajulikana. Mistari ya mabati ni mipana na ya kina kuliko inavyostahili skeli hii, na plastiki yake ni laini, hivyo kisu huzama upesi kuliko ulivyokusudia. Kata kipande mbali kidogo na fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande), kisha kiondoe kishina kilichobaki kwa msasa badala ya kisu. Miguu ya magurudumu ndiyo inayosumbua zaidi. Isimamishe kwa gundi, geuza ndege chali, itazame kwa mbele, irekebishe gundi ikiwa bado mbichi, halafu iache hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ukiisimamisha mapema itapanua miguu kama ndama aliyezaliwa leo.

3. Eduard 1/48 Spitfire Mk IX

Kwa uchongaji wa uso, hii ya Wacheki inaipita Tamiya. Ribiti zimechongwa mstari kwa mstari mwili mzima, na ukipitisha wino mwembamba wa kahawia zinajitokeza vizuri sana. Kalibu ni ya 2013. Tumeiweka ya tatu kwa sababu inadai mkono uliokwisha kujenga angalau ndege mbili.

Sababu kubwa ni kifuniko cha juu cha injini. Kwenye ndege halisi ni bati moja, halina mstari katikati. Eduard wamekitoa vipande viwili, kwa hiyo mshono unapita pale pale jicho linapotua kwanza. Dawa yake ni hii: kutanisha nusu mbili, pitisha gundi nyembamba kwa brashi, subiri sekunde kumi, kisha bana mpaka plastiki iliyoyeyuka itoke kidogo kama utomvu. Usiiguse kwa saa 24. Ndipo upige msasa wa 600, ukafuatia 1000, na urudishe ribiti zilizofutika kwa ncha ya sindano. Anayepiga msasa siku hiyo hiyo huona mshono safi, halafu baada ya wiki plastiki inakauka, inasinyaa, na mfereji unarudi chini ya rangi.

Eduard huuza ndege moja kwa namna kadhaa. ProfiPACK ina vipande vya bati jembamba vilivyopakwa rangi tayari, na vibandiko vya kufunikia vioo wakati wa kupaka. Weekend haina hivyo, na bei yake ni ndogo. Overtrees ni plastiki tupu, bila dekali (nembo na alama zinazoloweshwa majini kisha kubandikwa) wala karatasi ya maelekezo, na haimfai anayeanza. Kwa Mk IX lipia ProfiPACK: vibandiko vya vioo peke yake vinakuokolea jioni nzima, na mikanda ya kiti ya bati inaonekana wazi ukiacha kanopi (kioo cha juu ya rubani) wazi.

4. Airfix 1/48 Mk Vb

Ya 2014. Mtu mwenye bajeti ndogo anayetaka ukubwa wa 1/48 atafaidi hapa. Mistari yake ni mizito kuliko ya Tamiya na kingo za nyuma za mabawa ni nene. Zikwangue kwa ndani kabla ya kuunganisha juu na chini. Umbo lake kwa jumla ni zuri.

5. Revell 1/32 Mk IIa

Ukubwa mwingi kwa pesa kidogo. Chumba cha rubani ni kikubwa, mikono minene inapumua. Lakini kumbuka kwamba kwa 1/32 kila kosa la rangi linaonekana kutoka mlangoni, na kupaka eneo pana hivyo kwa brashi bila michirizi ni kazi ya mzoefu.

6. Tamiya 1/32 Mk IXc (namba 60319)

Kwa wengi hii ndiyo ndege ya ndoto, na inastahili. Injini ya Merlin iko yote, vifuniko vyake vinashikwa na sumaku ndogo ili uvifungue na kuvifunga, na unaweza kubadilisha magurudumu yawe yameshuka au yamepanda. Imetoka 2009 na bado wachache wameifikia. Tumeiweka ya mwisho kwa sababu ya mpangilio wa kununua tu. Ni ghali mara kadhaa kuliko namba 1, na ni miezi ya kazi. Inunue baada ya kumaliza tano au sita ndogo.

Boksi la kuepuka ni lenye maneno Vintage Classics kwa Airfix, isipokuwa unalitaka kwa kumbukumbu. Hizo ni kalibu za zamani, na wao wenyewe wameziita hivyo waziwazi. Kwa kampuni nyingine, tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya Scalemates, ambayo huonyesha kalibu ilichongwa mwaka gani na imewahi kufungwa kwenye maboksi yapi. Boksi jipya lenye plastiki ya miaka 40 ni jambo la kawaida.

Vya kununua pamoja na boksi

Koleo la kukatia lenye meno bapa, kisu chembamba chenye nyembe za akiba, kibano, msasa wa 400, 600, 1000 na 2000, na tepu ya karatasi ya kufunikia. Gundi iwe nyembamba ya majimaji, kama Tamiya Extra Thin ya mililita 40. Hii haipakwi kama gundi ya viatu. Unakutanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa mshono kwa ncha ya brashi, nayo inakimbia yenyewe ndani. Fungua dirisha. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu super glue hutoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye kanopi, na ukungu huo huwa mgumu kuondoa.

Rangi inategemea kifaa chako. Kwa brashi chukua akriliki za maji kama Vallejo, juu ya praima (rangi ya msingi). Bila praima zitabanduka na tepu. Tamiya za XF hupulizwa vizuri kwa kipulizio (airbrush), lakini kwa brashi tabaka la pili huyeyusha la kwanza na kuacha michirizi. Kwa Mk I ya 1940 zinahitajika XF-81 (kijani), XF-52 (kahawia) na XF-21 (Sky), kichupa kimoja cha mililita 10 kila moja. Anayepulizia akiwa Mombasa, Tanga au Muscat aweke kichungi cha maji kwenye mpira wa kompresa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na vanishi ya thina ikipulizwa siku ya mvua hukauka ikiwa na weupe kama maziwa.

Kwa dekali, chupa mbili za maji ya kuzilainisha zishike, za Microscale: Micro Set chini, Micro Sol juu. Bandika juu ya vanishi ya kung'aa pekee. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyofungia hewa chini ya dekali, na hewa hiyo ndiyo inayoonekana kama fedha ukikausha.

Kuagiza kutoka nje

Kampuni nyingi za usafirishaji wa ndege hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, jibu ni kilo. Boksi la 38 kwa 24 kwa 6 linahesabiwa kilo 1.1 hata kama lina gramu 400 ndani. Boksi la 50 kwa 36 kwa 10 linakuwa kilo 3.6. Kwa hiyo ya 1/32 inakugharimu mara mbili, dukani na njiani. Rangi za thina na makopo ya kupuliza huhesabiwa mzigo wa hatari, na wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege. Nunua za maji, au zitafute hapo ulipo.

Likifika, usianze kukata. Hesabu fremu dhidi ya karatasi ya maelekezo, inua vioo kwenye mwanga utafute nyufa, kisha osha plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwani mafuta ya kalibuni huikataa rangi. Funga kiwiliwili kwa tepu, weka bawa bila gundi, utazame pengo. Likiwepo, vuta tepu kutoka ncha moja ya bawa kupitia juu ya mgongo hadi ncha ya pili. Ncha zikiinuka milimita mbili, mara nyingi pengo linajifunga lenyewe, na hapo ndipo pa kutia gundi.

Wanaotaka ndege za abiria, Zvezda wana Boeing 787-8 kwa 1/144, yenye urefu wa sentimita 39. Ni aina ile ile inayoruka na Kenya Airways na Air Tanzania. Inajengeka vizuri, ila dekali za mashirika hayo hazimo ndani. Zitafute kwa watengenezaji wa dekali kabla ya kulipia boksi.

Na kama umekwisha kununua la pili kabla ya kumaliza la kwanza, toa karatasi ya dekali, itie kwenye mfuko wa zipu pamoja na pakiti ya silika, ilaze bapa mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Plastiki itakusubiri miaka 20. Dekali kwenye joto la pwani huweza kugeuka njano na kukatika majini, na zikifika hapo ijaribu moja usiyoihitaji kwanza: ikisambaratika, zipake zilizobaki Liquid Decal Film ya Microscale, zikauke, kisha zikate moja moja kwa mkasi kabla ya kuzilowesha.