Kupandishiwa Ubuntu Mwanjelwa: kioo cheusi, na fundi anayetaka kukuuzia kadi

Nyota moja. Naianza nayo ili mwenye haraka aondoke na jibu.

Duka silitaji, liko Mwanjelwa, Mbeya, wenyeji mtalijua. Niliwapelekea mashine kwa sababu moja tu: wana faiba. Kutoka Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa kompyuta) kwenda 24.04 unashusha gigabaiti kadhaa, na kwa bando la simu hiyo ni kujitafutia umaskini. Kazi ilikuwa kupandisha toleo, basi. Draiva, programu inayoendesha kadi ya grafiki, sikumwambia mtu aguse.

Nafuata mashine, nakuta monita nyeusi na kijana ana jibu tayari: "Bosi, kadi ya grafiki imeungua. Tunayo used, elfu 90. Au tukupigie window, itasoma tu." Anayasema hayo nembo ya kompyuta ikiwa imetoka kuwaka mbele yetu! Nikaizima, nikawasha tena, nikabonyeza Esc, menyu ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikatoka: herufi safi, hakuna mchirizi wala doa. Giza linakuja baada ya hapo, kinabaki kistari kinachopepesa kona ya juu kushoto. Sasa kadi iliyoungua inaonyeshaje nembo na menyu? Kadi ikifa kweli, kwa kawaida monita hailetewi chochote tangu unapobonyeza swichi. Picha ikikatika pale keneli (kiini cha mfumo) inapopakia draiva, mtu wa kwanza kumshuku ni draiva. Nikamweleza taratibu kabisa. "Kaka, hii kazi tunaifanya kila siku." Ndiyo jibu nililopewa. Na elfu 10 ya uchunguzi juu yake.

Yakikukuta, usinunue kitu. Skrini ikiwa nyeusi bonyeza Ctrl+Alt+F3, mara nyingi utapata sehemu ya kuingia kwa maandishi matupu. Isipotokea, rudi kwenye GRUB, simama juu ya mstari wa Ubuntu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza neno nomodeset, kisha F10. Picha itakuwa kubwa na mbaya lakini utaingia. Neno hilo halibaki. Ukiwasha tena limefutika.

Ukishaingia, soma ujumbe wa draiva kwa kuandika sudo dmesg | grep NVRM. Yangu ilisema waziwazi kwamba kadi hii inahudumiwa na draiva za zamani za 470, na kwamba draiva ya 535 itaipuuza. Kadi yenyewe ni GT 710, ukoo wa Kepler, na NVIDIA, watengenezaji wa chipu yake, waliuacha ukoo huo kuanzia draiva za 495 mwaka 2021. 535 imefikaje humo? Fungua /var/log/apt/history.log. Kila kilichosakinishwa kwa apt kimeandikwa humo, saa na amri iliyotumika. Mstari huu hapa: Commandline: apt install nvidia-driver-535. Mtu aliiandika kwa mkono wake, baada ya toleo kupanda salama. Kaona namba kubwa, kadhani ndiyo bora. Halafu kadi ndiyo imeungua!

Dawa kwa kadi kama yangu ni hii. Chomeka simu kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, bando lisiwe la kubana. Halafu ondoa draiva zote za NVIDIA na uweke ya 470:

sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) nvidia-driver-470
sudo reboot

Hizo hedazi (linux-headers) usiziruke, DKMS, kifaa kinachoiunganisha draiva na keneli yako, bila hizo haiwezi kujenga moduli, na utarudi kwenye giza lilelile. Jingine linaloangusha wengi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa mashine inapowaka. Ikiwa imewashwa, unaweza kuombwa utunge nenosiri wakati wa kusakinisha, na mashine ikiwaka inakuja skrini ya bluu. Haisubiri sana. Chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa draiva), weka nenosiri lile. Ukiipita, draiva itakuwemo kwenye diski lakini keneli itaikataa. Na umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, kama huku kwetu kipindi cha mvua, anza na sudo dpkg --configure -a kabla ya chochote.

Nikiwa mkweli, kazi yenyewe ya kupandisha toleo waliifanya safi, mafaili yote yapo. Na walifungua boksi wakapuliza vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa bila kunidai. Feni iliyokuwa ikilia kama mashine ya kusaga sasa haisikiki. Kwa hilo nilikuwa naelekea nyota tatu, nilishaanza hata kumwonea huruma yule kijana. Kisha nikageuza boksi nyuma: kadi ya grafiki imerudishwa bila skrubu, inaning'inia kwenye nafasi yake, ukigusa kebo ya HDMI picha inacheza. Kadi waliyosema imeungua, wameichomoa, wakairudisha, na hawakuona haja ya kuifunga.

Moja. Nimerudi kwenye moja. Kwa vumbi na pesti wapelekeeni, ila kwanza piga picha ya matokeo ya amri nvidia-smi, namba ya draiva iko juu kabisa, waandikie kwenye karatasi ibandikwe kwenye boksi: hii isiguswe. Elfu 10 yangu bado naidai.