Vifungio vya springi za pikapu: kipi ununue kipya, kipi urudishe

Ukishusha springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine) za pikapu iliyobeba mizigo miaka mingi, sakafuni hubaki rundo la vyuma vidogo: yubolti nne (bolti zenye umbo la U), nati nane na washa zake, senta bolti mbili (zinazopita katikati ya majani), bushi (mikono ya mpira au chuma ndani ya ncha za springi), bolti za shakeli, shakeli zenyewe (viungo vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi) na sahani za chini, zile ambazo nati za yubolti hukaza juu yake. Yuko fundi atakayekwambia vyote vitupwe ununue seti nzima. Yuko pia atakayevipiga brashi ya waya, avipake rangi nyeusi na kuvirudisha vikang'aa. Wa kwanza anakumalizia fedha, wa pili anakuuzia hatari.

Mimi hugawa rundo hilo kwa swali moja: chuma hiki kinafanya kazi kwa kuvutwa, au kwa kubeba tu? Kinachovutwa nanunua kipya bila mjadala. Kinachobeba au kukandamizwa nakikagua, na kikiwa kizima kinarudi. Mpira una kesi yake. Orodha hii nimeipanga kwa mpango huo: vya juu usivibanie fedha, vya chini usivikimbilie.

1. Yubolti na nati zake: mpya, kila mara

Wengi hudhani yubolti ndiyo inayobeba mzigo. Kama springi zako ziko juu ya ekseli, kama zilivyo kwenye pikapu nyingi, haibebi. Uzito hushuka kutoka chesisi hadi springi, na kutoka springi hadi ekseli. Kazi ya yubolti ni kubana springi na ekseli mpaka viwe kitu kimoja, na mbano huo unatokana na yubolti yenyewe kurefuka. Unapokaza nati, miguu yake miwili huvutika kidogo mno, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana. Ni kama mpira wa manati: ukishavutwa kupita kiasi haurudi, hata uufunge upya namna gani. Kwa hiyo yubolti ya zamani inaweza kukubali spana ifike kwenye kipimo na mbano usiwepo. Meno yenye kutu huzidisha udanganyifu huo, maana nguvu ya mkono wako inaishia kwenye msuguano badala ya kuvuta chuma.

Mbano ukipungua, springi huanza kucheza juu ya ekseli. Senta bolti, ambayo kazi yake ni kuweka ekseli mahali pake tu, inageuka kuwa ndiyo inayozuia kila unapofunga breki na kila unapoondoa gari. Ikikatika, ekseli inateleza upande mmoja na gari linakwenda kimshazari. Majani nayo hupenda kuvunjika katikati, kwenye tundu la senta bolti. Pale chuma kimeshapunguzwa na tundu, na yubolti iliyolegea inaruhusu pakunjike wakati hapakutakiwa kukunjika hata kidogo. Hesabu gharama ya jani kuu na siku za gari kusimama, kisha uitazame tena bei ya yubolti nne.

Kwa gari ambalo halijabadilishwa chochote, nafasi ya kwanza naipa yubolti ya mtengenezaji wa gari. Kipimo ni chake, chuma ni chake, huna cha kubahatisha.

Kwa gari lililoongezewa jani, bloku au ekseli nyingine, yubolti iliyokunjwa kwa kipimo na karakana ya springi ndiyo inayoshika nafasi hiyo. Ya mtengenezaji itakuwa fupi, na nati itaishia nusu ya meno. Ila karakana yenyewe iulize mambo matatu. Inakunja chuma kikiwa baridi? Kupasha moto kwa gesi ili kikunjike kirahisi kunaharibu ugumu kiliopewa kiwandani, tena pale pale penye kona. Meno yamesukumwa kwa roli au yamechongwa? Ya roli ni imara zaidi, na mara nyingi unayatambua kwa kidole: ukitoka kwenye mwili wa bolti kwenda kwenye meno, unahisi meno yamenyanyuka juu. Na chuma ni daraja gani? Kwa milimita nataka 10.9, kwa inchi daraja la 8. Tarakimu za milimita zina hesabu yake: 10 ni megapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo) za nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika, na 9 inasema kitaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 90 ya hapo. Ile ya 8.8 inaishia 800 na 640. Kama gari lilitoka kiwandani na 8.8 hakuna ubaya, lakini usishuke chini ya kile kilichotoka nacho.

Nafasi inayofuata ni ya seti za kwenye boksi zinazodai kutosha pikapu za kila aina. Nyingine ni nzuri. Nyingine hazina alama yoyote, wala muuzaji hawezi kukutajia daraja lake. Hizo ziache hapo hapo dukani.

Yubolti zilizotolewa kwenye gari jingine sizipangi popote. Hujui zilivutwa kiasi gani, na hakuna jicho linaloweza kukwambia.

Kuna mbili zinazovutia macho ambazo nazikwepa. Ya kwanza ni ya chuma kisichoshika kutu: daraja lake la kawaida ni megapaskali 700, na meno yake hupenda kung'ang'ana na nati hadi visifunguke. Ya pili ni ya chuma kigumu kilichopakwa zinki kwa umeme na mtu asiyejua kazi hiyo. Haidrojeni inayoingia ndani wakati wa kupaka hufanya chuma kigumu kiwe chepesi kukatika ghafla, hata gari likiwa limesimama. Yubolti nyeusi yenye mafuta haipendezi kwenye picha, lakini nalala usingizi.

Kuhusu vipimo, usiende dukani na yubolti ya zamani peke yake. Huenda aliyekutangulia alifunga isiyo yake. Nenda na kipenyo cha chuma, upana wa ndani kati ya miguu, urefu kutoka ndani ya mgongo hadi ncha, na umbo la mgongo: wa duara kwa bomba la ekseli, wa mraba pale unapolalia kwenye bamba bapa. Mgongo usiolala vizuri hukaa kwenye nukta mbili tu, kisha mzigo ukiingia unatulia na mbano unapotea. Urefu uwe wa kutosha kuacha meno mawili au matatu nje ya nati baada ya kukaza, bila nati kuishiwa na meno kabla haijabana. Angalia pia kama ni milimita au inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na nati ya 12 inakaribiana nayo kiasi cha kukudanganya mpaka ikate meno.

Nati zinunuliwe pamoja na yubolti, ziwe ndefu na za daraja linalolingana. Chini yake weka washa bapa ngumu. Washa za springi, zile zenye mkato, hazina kazi hapa.

2. Senta bolti: mpya kila unapofungua majani

Bei yake ni ndogo na kuifikia ni kazi kubwa, hivyo hesabu inajifanya yenyewe. Kama hufungui fungu la majani na kichwa chake ni kizima, iache.

Usiibadilishe kwa bolti ya kawaida ya pembe sita. Kichwa cha senta bolti ni cha duara, na kipenyo chake kinaingia sawasawa kwenye tundu la kitako cha ekseli, yaani pale springi inapolalia. Cha pembe sita kinaacha nafasi ya kucheza. Kabla ya kuifungua, bana majani kwa klampu mbili imara, moja kila upande wa bolti. Majani yale yamekandamizwa, na nati ikitoka bila klampu yanaruka. Hapa sifanyi utani.

3. Bushi: zamu ya mpira

Bushi za mpira za aina ya kiwandani naziweka mbele kwa gari la matumizi ya kila siku. Ziko kimya, hazitaki grisi, na zinameza mitikisiko midogo. Adui zake ni mafuta na jua. Ukiona mipasuko ya juu juu tu, bado ina maisha. Ukiona mpira umeachana na bomba la chuma, au bomba limehama kutoka katikati, imekwisha.

Za poliurethani nazipa nafasi ya pili. Zinadumu, zinafungwa kwa mkono bila mashine ya kusukumia, na gari linatulia zaidi likiwa na mzigo. Lakini hupiga kelele zikikauka, na zinataka grisi yao maalumu, ambayo kwa kawaida huja kwenye pakiti. Usizinunue kwa ajili ya rangi nyekundu.

Za shaba nyeusi zenye nipeli ya grisi ni za anayebeba mizigo mizito kila siku na anayekumbuka kupiga grisi. Asiyekumbuka ataisaga pini na bushi kwa pamoja.

Badilisha bushi za pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja mpya na mwingine uliolegea hulifanya gari lishikilie barabara kwa tabia mbili.

4. Bolti za shakeli, na shakeli zenyewe

Bolti ya shakeli ikitoka kwa wepesi, ifute na upitishe ukucha. Mfereji wowote pale inapopita ndani ya bushi, inunuliwe mpya. Mara nyingi hata hivyo haitoki: kutu huiunganisha na bomba la ndani la bushi, na mwisho wake ni grainda. Kwa hiyo ukinunua bushi, nunua na bolti siku hiyo hiyo, uepuke kurudi dukani gari likiwa juu ya stendi. Sehemu laini ya bolti ndiyo ikae ndani ya bushi na kwenye matundu ya shakeli; meno yakigusa pale yatakula tundu. Nati zenye pete ya nailoni ni za mara moja.

Shakeli yenyewe ni bamba la kubeba. Kama matundu bado ni ya duara na bamba halijapinda, irudi. Shakeli ndefu za kunyanyua gari nyuma sizipendekezi. Zinabadilisha pembe ya ekseli, na unaishia kutafuta chanzo cha mtikisiko wa propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma.

5. Vya kurudisha bila aibu

Sahani za chini zisizopinda, vibano vinavyoshika majani yasitawanyike, na vitako vya ekseli: safisha, kagua mipasuko karibu na matundu, rudisha. Sahani iliyopinda usiipige nyundo inyooke, tafuta nyingine. Ukizipaka rangi, acha tupu sehemu zinazobanana. Rangi nene huminywa taratibu mzigo ukiingia, na kila unene unaopotea pale ni mbano uliopotea kwenye yubolti.

Siku ya kufunga

Nati nne za kila upande zikazwe kwa zamu, kimsalaba, kwa hatua, hadi kipimo cha kitabu cha gari, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Meno yawe makavu au na mafuta kama kitabu kinavyosema. Mafuta pasipotakiwa humaanisha umevuta zaidi ya unavyodhani. Bolti za macho (zinazopita kwenye matundu ya ncha za springi) na za shakeli, kama bushi ni za mpira, zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utaishi umesokotwa na utachanika mapema.

Majani mapya na yubolti mpya hutulia. Kaza tena baada ya kilomita 100 hivi, kisha baada ya 1,000. Watu huchora mstari wa rangi kutoka nati hadi sahani ili waone kama nati imezunguka, na si vibaya, lakini mbano unaweza kupungua bila nati kuzunguka hata kidogo. Mstari ukiwa umenyooka vilevile, bado uitie spana.