Nilikodi filamu ya Spalding Gray mtandaoni, wakaniletea sauti iliyochelewa

Nyota moja, na hiyo moja ni ya Gray, si yao.

Kwa asiyemjua, Spalding Gray alikuwa mwigizaji wa Marekani aliyesimulia maisha yake mwenyewe jukwaani. Meza, glasi ya maji, daftari na maikrofoni, basi. Alianzia kwenye kundi la maigizo ya majaribio pale Wooster Street, New York, na mwaka 1979 akaanza kukaa mezani peke yake na kuongea. Hakukariri. Alikuwa na vidokezo tu daftarini, hadithi ikawa inajijenga usiku baada ya usiku mbele ya watu. Iliyompa jina ni Swimming to Cambodia, iliyozaliwa na nafasi ndogo aliyopata kwenye The Killing Fields, filamu kuhusu vita vya Kambodia, walipokwenda kuirekodi Thailand. Mwongozaji Jonathan Demme akaigeuza filamu mwaka 1987, na hiyo ndiyo niliyokodi.

Sasa sikilizeni. Mdomo unafunga, neno linafika baadaye. Anainua glasi, anakunywa maji, na huku bado "anaongea"! Ingekuwa filamu ya magari kufukuzana ningevumilia. Hapa hakuna kingine cha kushika: ni uso wa mtu na sauti yake. Kuna mahali anaeleza jinsi Marekani ilivyoipiga Kambodia mabomu kwa siri kuanzia 1969, hadi Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, wanaingia mji mkuu Phnom Penh mwaka 1975. Anakwenda mbio, maneno yanapandana, halafu anakata. Pale anapokata ndipo moyo unapotakiwa kukushuka. Mimi niliona mtu aliyekwisha nyamaza, ametulia ananitazama, na sauti yake bado inamalizia sentensi. Nilitamani kulia kwa hasira.

Nikafunga, nikafungua, nikahama kutoka simu hadi kompyuta. Yale yale. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao hili hapa: "Ndugu mteja, filamu hiyo ni ya mtu mmoja amekaa anazungumza, haina matukio. Ucheleweshaji mdogo hauathiri burudani yako."

Haina matukio! Huyu ni mtu ambaye mama yake alijiua mwaka 1967, na miaka kumi baadaye yeye na wenzake wakatengeneza mchezo, Rumstick Road, wakiweka ndani yake kanda za mazungumzo yake na baba yake na bibi zake. Sauti halisi za familia yake, mbele ya watazamaji. Mtu wa namna hiyo unaniambia sauti si kitu? Aliyenijibu hakuifungua hiyo filamu hata dakika moja, naapa.

Lakini nisiwe dhalimu. Mwishowe niliilaza simu kifudifudi nikasikiliza tu, na jamaa alinibeba. Sehemu ya bahari kule Thailand, anapoutafuta ule wakati mmoja mkamilifu wa furaha kabla hajakubali kurudi nyumbani, niliifuata nimefumba macho na sikutaka iishe. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, kwa sababu bila wao nisingeipata kabisa.

Nikaigeuza simu tena nimwone anavyomaliza. Nyusi zimepanda, mikono hewani, na maneno yanamfuata nyuma. Hapana. Huyu hayupo tena kutukalia mezani: ajali ya gari Ireland mwaka 2001 ilimvunja mwili na akili, akapotea New York Januari 2004, na Machi mwili wake ukapatikana kwenye mto East River. Kilichobaki ni hizi rekodi. Anayezikodisha kwa pesa ana wajibu wa kuzitunza, na hawa hawazitunzi.

Kama mnamtaka Gray, anzeni na ile filamu ya mwongozaji Steven Soderbergh ya 2010, And Everything Is Going Fine. Haina msimulizi wa pembeni, ni Gray mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ila tafuteni kwingine, msikodi kwa hawa. Pesa yangu nimeidai, wananijibu "suala lako linashughulikiwa", na filamu bado wanaikodisha vilevile ilivyo.