Gia otomatiki kwenye baridi kali: niliuziwa kompyuta, ugonjwa ulikuwa kwenye upepo

Nyota moja. Naiweka mbele kabisa ili dereva mwenzangu anayevuta trela kati ya Fargo, Marekani, na Winnipeg, Kanada, asome kabla hajakubali kubadilishiwa kompyuta ya giaboksi.

Nazungumzia gia otomatiki hizi za malori makubwa ambazo ndani ni giaboksi ya kawaida yenye klachi, ila klachi inasukumwa na upepo (hewa iliyoshindiliwa na kompresa) na kompyuta ndiyo inayochagua gia. Dalili ni hii: asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri injini inawaka kwa shida, geji ya upepo inapanda hadi paundi 120, unaweka D ya kwenda mbele, na herufi N, yaani gia huru, inabaki pale pale ikiwaka na kuzima. Lori halisogei. Unazima, unawasha, unarudia mara tatu nne, halafu ghafla gia inaingia. Mchana jua likitoka inafanya kazi kama kawaida.

Fundi wa gereji nilikoipeleka alichomeka mashine yake, akasoma hitilafu ya umeme mdogo kwenye kompyuta ya gia, na bila kugusa betri wala tangi la upepo akasema kompyuta imekufa. Nilimuuliza volti zinashuka hadi ngapi wakati wa kupiga stata. Akanijibu, "Wewe endesha, kutengeneza niachie mimi." Nikalipa. Baridi iliporudi siku chache baadaye, N nayo ikarudi.

Hasira yangu yote iko hapo, kwa sababu ile hitilafu ilikuwa ya kweli ila maana yake ilikuwa nyingine. Betri za risasi kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa kama nusu tu ya nguvu zake, na saa hiyo hiyo oili nzito inaifanya stata idai umeme mwingi zaidi. Volti zikishuka sana wakati injini inazungushwa, hata kompyuta isiyo na ubovu wowote hujizima kwa nukta moja, ikiamka inaandika hitilafu. Kipimo chake ni mita ya volti ya bei ndogo. Lori likilala usiku kucha, betri iliyojaa isome karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na betri ya nusu huweza kuganda kwenye nyuzi 25 hivi chini ya sifuri. Zitenganishe kwanza, maana zikiwa nne zimeungwa pamoja, moja mbovu huzinyonya nyingine tatu na zote zinaonekana dhaifu. Kisha pima wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya 9.6, shughulika na betri, vichwa vya waya na waya wa bodi kabla ya kutaja kompyuta.

Lakini betri ilikuwa nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ni maji. Kompresa inavuta hewa yenye unyevu, kikausha kinatakiwa kuunasa, na katriji yake (kopo lenye chembe za kunasa unyevu) ikichoka au ikijaa oili inayovuja kutoka kwenye kompresa, unyevu unapita hadi kwenye valvu ndogo za klachi na za kuchagulia gia. Hapo unaganda. Geji itasoma 120 kwa sababu inapima kilichomo kwenye tangi. Upepo kufika kwenye klachi ni jambo lingine. Nilipovuta kamba ya kutolea maji ya tangi la kwanza, yalitoka maji ya kijivu yenye oili. Plagi ya hita ya kikausha, ile iliyo chini kwenye valvu ya kutolea maji, ilikuwa imeoza kwa chumvi ya barabarani. Katriji mpya na plagi mpya hazikufika hata sehemu ndogo ya bei ya kompyuta.

Valvu ikishaganda, ipashe joto kwa mashine ya hewa moto au ingiza lori ndani ya jengo lenye joto. Usitumie moto wa gesi, mipira ile ya upepo ni plastiki. Na tafadhali usimimine spiriti kwenye mfumo kwa ushauri wa mtu wa kituo cha mafuta: inakausha mipira ya ndani ya valvu na kuharibu kikausha, kisha mwaka unaofuata unahangaika na uvujaji.

Sasa nikitulia, ile nyota moja ni ya gereji. Gia yenyewe, tangu upepo ukauke na betri zibadilishwe, naipa nne. Ninachofanya ni kuchomeka hita ya injini kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya safari, kufungua swichi na kusubiri N itulie ndipo nipige stata, na kuondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu kilomita chache za mwanzo. Kuunguruma tu umesimama hakupashi giaboksi joto la maana, oili yake hupata joto ikibeba mzigo. Ikiwa bado nzito, inazivuta gia zipunguze mwendo upesi kuliko kompyuta inavyotarajia, ndiyo maana kutoka ya pili kwenda ya tatu inasita. Angalia pia waliweka oili gani: kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, daraja la 75W hupimwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W hadi 26 tu. Mimi niliwekewa 80W, na gereji ni ile ile.

Hapana, nne ni nyingi. Tatu. Mtengenezaji anayejua lori lake litauzwa North Dakota ameshindwaje kuandika kwenye dashibodi "upepo haufiki kwenye klachi"? Dereva anaachiwa herufi moja inayowaka na kuzima, na mwenye gereji anaitafsiri anavyotaka. Nilirudi kudai kompyuta yangu ya zamani ili ipimwe kwingine. Waliniambia imesharudishwa kiwandani.