Stendi ya U: maegesho ya baiskeli ya kudai mjini kwako

Barua ya "tunaomba maegesho ya baiskeli" ikifika ofisini bila vipimo, fundi atatengeneza anachokijua, na kinachojulikana zaidi ni kile chuma au kitofali chenye mfereji wa kuchomeka gurudumu la mbele. Kikundi cha kujitolea kinapiga picha, kinashukuru, na baada ya muda baiskeli zinaonekana tena zimefungwa kwenye nguzo za umeme na miarobaini. Kisha ofisi inasema waendesha baiskeli hawataki maegesho. Wanayataka sana, ila yale waliyopewa hayafai.

Tumeziweka pamoja hapa aina nne ambazo kikundi hukutana nazo kinapodai maegesho sokoni, shuleni, zahanati au kituo cha daladala. Moja tu tunaipendekeza bila kusita, nayo ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya maelezo.

Tuanze na mfereji wa gurudumu. Unashika rimu peke yake, chini, mbali na uzito wa baiskeli. Baiskeli nzito kama Phoenix ikisukumwa na mpita njia huanguka ubavu gurudumu likiwa limebanwa, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye spoki na rimu inapinda. Kwa usalama ni balaa zaidi. Mnyororo mfupi unafika gurudumu la mbele tu, na mwizi akifungua nati mbili anaondoka na kilichobaki. Tairi pana la baiskeli ya milimani haliingii, na jembamba linacheza. Hata ukitolewa bure, tunashauri uukatae kwa adabu na upeleke mchoro mwingine.

Chuma cha mawimbi, yaani bomba moja lililopindwa juu na chini, kinachouzwa kama "nafasi tano" kina tatizo la hesabu. Watu huegesha baiskeli ubavu kwa ubavu na chuma chenyewe ili isimame vizuri, na hapo nafasi tano zinakuwa mbili. Reli ya mlalo, yaani bomba refu juu ya nguzo, ina afadhali pale penye fedha kidogo sana: inafungika kufuli, ingawa baiskeli zinalaliana na usukani unanasana na breki za jirani.

Stendi ya U ni bomba moja lililokunjwa na kuzikwa miguu yote miwili. Uingereza inaitwa kwa jina la mji wa Sheffield. Baiskeli inasimama sambamba nayo, fremu inaegemea sehemu mbili, na kufuli linapita kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Stendi moja inachukua baiskeli mbili, moja kila upande. Haina kifaa kinachosogea, haina cha kupaka grisi, na fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mashine ya kukunjia mabomba anaiweza.

Vipimo vya kuandika kwenye barua ni hivi: kimo cha sentimita 75 juu ya ardhi, upana wa sentimita 75, bomba la duara la inchi moja na nusu (milimita 48 kwa nje) lenye unene wa milimita 3, na miguu kuingia sentimita 30 ndani ya zege. Upana unaweza kwenda hadi mita moja. Kimo kisizidi sentimita 80, maana stendi ndefu inagongana na usukani na vikapu, na ikiwa fupi mno baiskeli inapinduka juu yake.

Unene wa bomba ndio unaofichwa mara nyingi. Bomba la milimita 1.2 na la milimita 3 yakipakwa rangi yanafanana kabisa. Jembamba linasinyaa kwenye kona linapokunjwa, na msumeno wa mkono unalimaliza haraka. Angalia ncha za bomba kabla halijakunjwa, upime kwa kipimo cha milimita, si kwa macho.

Kwa kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, stendi moja inakula bomba la sentimita 272 hivi. Bomba la dukani lina mita 6, kwa hiyo linatoa stendi mbili na kipande cha nusu mita kinabaki. Ukiletewa hesabu ya bomba moja kwa kila stendi, uliza nusu ya pili inakwenda wapi.

Pasipo na mashine, mafundi wengine hukata pembe na kuchomelea. Inakubalika, lakini wasisage kiungo hadi kikawa kimelala sawasawa na bomba, kwa sababu hapo ndipo kitakapokatika. Wengine hukunja kwa moto bomba likiwa limejazwa mchanga ili lisibonyee. Mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa. Maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, linaweza kupasuka. Bomba la kuzuia kutu, lile jeupe la maji, lisikunjwe kwa moto, maana tabaka la zinki linaungua. Na likichomelewa, zinki isagwe kwanza mahali pa kiungo na kazi ifanyike penye hewa, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Miji ya pwani inahitaji bomba hilo jeupe. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, bomba jeusi lililopakwa rangi huanza kuoza pale linapogusana na zege, kwa sababu maji ya chumvi yanatuama hapo. Bara, bomba jeusi lenye mipako miwili ya rangi ya kuzuia kutu na mmoja wa rangi ya mafuta linadumu vizuri likikaguliwa. Popote ulipo, uso wa zege uinuliwe kidogo kuzunguka bomba na uteremke kwa nje ili maji yasikae. Kazi hiyo ya mwiko ni ya dakika chache, na ikiachwa stendi inaoza kuanzia chini.

Shimo la kila mguu liwe sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 40, ili zibaki sentimita 10 za zege chini ya bomba. Kabla ya kumwaga, chomelea kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 20, kikatize mguu karibu na ncha. Bila hicho, mtu mwenye nguvu anaweza kuizungusha stendi hadi zege lake lilegee na kuing'oa. Mchanganyiko ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha stendi mbili na kubakiza kidogo. Funika kwa magunia mabichi, mwagia maji kila siku, na msiruhusu baiskeli kwa siku saba. Wekeni kamba au miiba. Bila kizuizi, stendi itafungiwa baiskeli jioni ileile.

Stendi ya kufunga kwa boliti juu ya sakafu ni haraka zaidi, na penye sakafu nene ya zege hatuipingi. Kitako kiwe na boliti nne, na nati zichomelewe kidogo baada ya kukazwa. Nati zikiachwa wazi, spana ya kawaida inaondoa stendi pamoja na baiskeli iliyofungwa.

Kuna wizi mwingine unaoumiza: stendi yenyewe kuibiwa ili iuzwe kama chuma chakavu. Dawa nzuri ni kujaza miguu kwa mchanga na saruji kabla ya kusimamisha. Bomba lililojaa linasumbua kukata, na halina soko zuri.

Nafasi kati ya stendi na stendi iwe mita moja. Hapa ndipo miradi mingi mizuri inaharibika, kwa sababu mtu ofisini anaona pengo na kuongeza stendi katikati. Usukani wa baiskeli una sentimita 60 hivi. Baiskeli mbili zikikutana kwenye pengo la sentimita 50, kila stendi inabeba moja tu na chuma kimepotea bure. Sokoni mita moja nayo haitoshi. Baiskeli yenye madumu mawili ya lita 20 ubavuni au gunia la mkaa limelazwa nyuma inataka mita moja na nusu. Pande za stendi zinazoelekea ukuta au ukingo, acha sentimita 60, maana baiskeli ya mita 1.8 inatokeza zaidi ya nusu mita kila upande wa chuma. Kwa hesabu hiyo, mahali pa gari moja panakaa stendi tano, yaani baiskeli kumi, na sentensi hiyo inafaa kuwekwa mwanzoni mwa barua.

Mahali ni muhimu kuliko uzuri wa chuma. Stendi iwe karibu na mlango, mbele ya macho ya mlinzi au muuza duka, na isiwe nyuma ya jengo karibu na choo. Isizibe njia ya miguu: ziachwe mita mbili za kupita. Stendi ya kwanza na ya mwisho katika safu ziwekewe bomba la mlalo chini, karibu na ardhi, ili fimbo ya asiyeona iligonge kabla mwili haujafika, na zote zipakwe mistari myeupe inayoonekana usiku.

Misafara ya baiskeli kama Critical Mass ya Nairobi, ile ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na kazi ya UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, inawaonyesha wakubwa kwamba watu wa baiskeli wapo. Stendi zenyewe zinapatikana kwa futi kamba na karatasi. Hesabuni baiskeli siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa siku ya gulio, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mkiandika na zile zilizofungwa kwenye nguzo, madirisha na miti. Chukueni hesabu kubwa, ongezeni robo, gawanyeni kwa mbili: hiyo ndiyo idadi ya stendi.

Kisha ulizeni ardhi ni ya nani, kwa sababu barua iliyokosea mlango hukaa miezi. Kwa Tanzania, barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS (wakala wa barabara), mitaa ya mjini chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na soko la umma ni la halmashauri. Shule na zahanati ndizo rahisi kuanza nazo, kwa kuwa eneo lipo ndani ya uzio na mkuu wake anaweza kutoa jibu. Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa ipate muhuri. Iambatane na ukurasa mmoja wa mchoro wenye vipimo vyote, hesabu ya baiskeli na picha ya mahali. Msichimbe kwenye hifadhi ya barabara bila kibali cha maandishi. Stendi itapigwa alama ya X na jina la kikundi litaharibika. Na kabla ya shimo la kwanza, waulizeni watu wa maji na wa umeme mabomba na nyaya zinapita wapi.

Baada ya kukabidhi, kazi ya kikundi ni kupita mara moja kwa mwezi na kuzitikisa stendi kwa mikono miwili. Inayocheza ifungwe kwa utepe hadi itengenezwe. Angalieni hasa stika au gundi ya karatasi iliyozungushiwa bomba: wezi hukata bomba usiku, hufunika mkato, kisha husubiri mtu afunge baiskeli nzuri. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kuviringishia stendi mpira wa tyubu ili zisikwaruze fremu. Unaficha mkato, na unaweka unyevu juu ya chuma. Mwenye kuhofia rangi ya baiskeli yake afunge kitambaa kwenye fremu.

Baiskeli iliyotelekezwa, yenye tairi zisizo na upepo na mnyororo uliojaa kutu, ibandikwe karatasi yenye tarehe na ipewe siku 14. Ikibaki, mtendaji wa mtaa ndiye wa kuiondoa. Wanakikundi wasikate kufuli la mtu.