Shea au nazi: msingi wa krimu ya mwili yenye harufu ya chungwa mjini Moshi

Mtu wa Moshi anayetaka kujitengenezea mafuta ya mwili yaliyopigwa hadi yakaumuka huchagua kwanza msingi wake. Mafuta ya nazi ni rahisi kupatikana, na yale yaliyosafishwa hayana harufu, hivyo chungwa husikika waziwazi. Lakini huyeyuka kwenye takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na mchana wa Februari krimu iliyosimama vizuri alfajiri hurudi kuwa kimiminika ndani ya kopo. Mwezi wa Julai, ni kweli, tatizo hilo hupungua.

Siagi ya shea, yaani mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, huyeyuka karibu na joto la mwili, kwa hiyo hustahimili zaidi. Ulaini wake hupatikana kwa kuongeza robo ya uzito wake wa mafuta ya alizeti. Kasoro yake ni kwamba ikiyeyushwa kisha ikapoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Ipozwe haraka kwenye friji mpaka ibonyee kwa kidole, ndipo ipigwe kwa mashine ya keki. Shea ghafi, kwa maoni yangu, huimeza harufu ya chungwa, basi inunuliwe iliyosafishwa.

Kwa vyovyote, gramu 100 zatosheka na gramu moja ya mafuta ya maganda ya chungwa tamu. Juisi isitiwe, kwani maji hukaribisha ukungu, na mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa bila moto yaepukwe, maana huweza kuunguza ngozi inapopigwa na jua.